Sukari ya Rashidi Chimola

Siku waliyoniaga kazini nilipewa saa ya ukutani, nadhani ili nione vizuri muda unavyopita bila mimi kufanya lolote. Hotuba zilikuwa nyingi. Aliyeniita nguzo ya maabara ndiye aliyekuwa akininyima glavu. Soda zilipokwisha, vijana wa maabara wakaniomba niwaandikie habari za kazi ya zamani, maana vitabu vyao vinaeleza magonjwa lakini havielezi watu. Nimekubali, ila vyeo sitavitaja. Nilipanda, nikashushwa, nikapandishwa tena, na vijidudu vya malaria havikuonyesha kujali.

Nilianza kazi uhuru ukiwa bado mbichi, katika hospitali ndogo ya shamba la mkonge kati ya Kilosa na Mikumi. Mama yangu alikuwa Msagara wa Lumuma. Baba alikuja kutoka mbali kukata mkonge, akasahau kurudi kwao. Siku ya kwanza nilivaa koti jeupe ambalo mama alilitia wanga mwingi kiasi kwamba lingeweza kwenda kazini peke yake. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la mashariki. Juu ya meza ilikaa darubini ya shaba yenye kioo chini yake cha kunasia mwanga wa jua. Siku za mawingu hatukuona kitu, kwa hiyo, kwa mujibu wa taarifa zetu, malaria ilikuwa ikipungua sana wakati wa masika.

Mkuu wa chumba hicho alikuwa Mzee Lugome, aliyejifunza kazi jeshini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua jicho kutoka kwenye darubini, kisha akanipa kikopo na kunielekeza chooni. Nilidhani ni mzaha wa wenyeji kwa mgeni. Niliporudi alinifundisha kutayarisha slaidi ya choo changu mwenyewe, akanikalisha, akaniuliza naona nini. Nikasema naona mayai fulani, mazuri, yenye ganda jembamba. Akasema hayo ni mayai ya safura, na kwamba mtu wa kwanza niliyemgundua ugonjwa katika maisha yangu ni mimi mwenyewe, kwa hiyo nisije nikawadharau wagonjwa. Dawa aliyonipa ilinipeleka chooni mchana kutwa, na lile koti la wanga likalegea kabisa.

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Alikuwa na msemo mmoja tu wa kazi: andika unachokiona, usiandike unachotakiwa kukiona. Wakati ule niliuona ni msemo mwepesi.

Halafu likaja Azimio, na shamba likataifishwa. Meneja aliondoka na mbwa wake, nyumba yake ikawa ofisi, na kibao cha getini kikapakwa rangi mpya. Mkonge haukuarifiwa, ukaendelea kuota miiba kama kawaida. Baada ya hapo watu walianza kuteremshwa kutoka milimani na kukusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Jirani yetu, kando ya barabara ya Mikumi, kikazaliwa kijiji kilichoitwa Amkeni, ingawa mikutano yake ilikuwa inalaza watu. Kijiji kililima shamba la pamoja la mahindi. Tembo wa mbugani ndio waliokuwa wa kwanza kuelewa maana ya shamba la pamoja. Walikuja kwa pamoja na kula kwa pamoja.

Mwenyekiti wa Amkeni alikuwa Ndugu Sefu Ngwila. Si mtu mbaya, nisije nikaambiwa nimemsema marehemu. Alikuwa mtu aliyeamini kila neno alilolisikia redioni, na hasa yale aliyoyasikia nusu. Kijiji kilipofungua duka la ushirika, kamati yake ilitafuta muuzaji mwaminifu, ikamchagua Rashidi Chimola. Sababu zilitajwa mbele ya watu wote: kwanza anaswali, pili ni mwembamba. Wakati ule wembamba ulikuwa kama cheti cha siasa. Mnene alikuwa kupe, mnyonyaji, bepari uchwara. Rashidi alikuwa na mashavu yaliyobonyea na shingo ndefu, na kwa sifa hizo akakabidhiwa funguo.

Nilimfahamu vizuri. Alikuwa mkimya, mwenye mzaha wa chini kwa chini, na mkewe, Bi Zaina wa Mabwerebwere, ndiye aliyekuwa na sauti nyumbani. Duka aliliendesha vizuri kadiri duka lisilo na vitu linavyoweza kuendeshwa. Sukari ilikuwa adimu, ingawa ukipanda kilimani ungeweza kuiona miwa kwa macho upande wa Kidatu. Ikija, ilikuja nusu gunia, na kabla haijauzwa ilipitia kamatini kwa chai ya kikao. Vikao vilikuwa vingi. Chai ya vikao hakuna aliyewahi kuiulizia.

Mwaka wa pili wa duka, Rashidi alianza kunenepa. Yale mashavu yalijaa, yakavuka kujaa, uso ukawa duara na mwekundu kidogo kama wa mtu aliyetoka jikoni. Vitabu vya tiba vinauita uso wa mwezi. Kwetu uso wa mwezi ni sifa ya mwanamwali, kwa hiyo mwanzoni watu walimtania tu. Kisha tumbo likatangulia mbele, na nyama ikapanda nyuma ya shingo kama nundu changa. Utani ukageuka. Kikundi cha ngoma cha kijiji kilitunga wimbo wa kupe aliyejificha kwenye kopo la sukari. Jina hawakulitaja, lakini walipoimba walikuwa wakielekea dukani.

Jambo ambalo hakuna aliyelisema ni kwamba miguu yake ilikuwa inakonda. Chini ya lile tumbo mapaja yalikuwa yamebaki kama miko ya ugali. Bi Zaina aliliona. Alikuja maabara akamweleza Mzee Lugome kwamba mumewe hawezi kusimama kutoka kwenye mkeka bila kushika ukuta, hali chakula kama watu wanavyodhani, anakunywa maji usiku kucha, na hasira zake zimekuwa si zake. Mzee Lugome akamwambia amlete. Lakini kabla hajamleta yeye, akaletwa na Mwenyekiti.

Waliingia asubuhi: Ndugu Ngwila mbele, Rashidi katikati, mgambo wawili nyuma. Mwenyekiti alisema kamati imeazimia mtuhumiwa apimwe kitaalamu, kwa kuwa ujamaa ni sayansi. Mzee Lugome alimpa Rashidi kikopo, kisha akafanya kipimo kama kilivyofanywa siku zile. Mkojo kidogo ndani ya tyubu yenye dawa ya buluu, tyubu juu ya taa ya spiriti. Kama hamna sukari, buluu inabaki buluu. Ya Rashidi ilikwenda kijani, ikapita njano, ikaishia rangi ya tofali la kuchoma.

Mwenyekiti akauliza rangi ile ina maana gani.

"Mkojo wake una sukari," alisema Mzee Lugome.

"Ya duka?"

"Dawa hii haijui duka, Ndugu Mwenyekiti. Na sukari ya mkojo haitokani na kulamba sukari. Ni ugonjwa. Mwili umeshindwa—"

"Lakini ni sukari?"

Mzee Lugome aliirudisha tyubu kwenye kishikio chake. "Ni sukari," alisema.

"Basi. Mengine ni ya wataalamu."

Rashidi aliinua ule uso wake mpya akamtazama mkuu wangu, akasema kwa sauti ya chini kwamba sukari hajaionja tangu Ramadhani. Mgambo mmoja akacheka. Wakaondoka naye.

Mzee Lugome alimfuata Mwenyekiti hadi barabarani kumweleza, na alimweleza vizuri, lakini ni vigumu kumweleza mtu ambaye tayari amefurahi. Jioni ile kulikuwa na mkutano wa kijiji. Mimi nilikwenda. Mwenyekiti alitangaza kwamba sukari ya wananchi imeonekana ndani ya mkojo wa Rashidi Chimola na kwamba maabara imethibitisha. Watu waliguna. Kisha Rashidi akaamriwa avue shati ili wananchi waone. Juu ya tumbo lake kulikuwa na michirizi mipana ya rangi ya zambarau, kama mtu aliyepigwa kwa fimbo kutoka ndani. Mjumbe mmoja alisimama akaeleza kuwa hizo ni alama za ngozi kupasuka kwa shibe. Alieleza kwa uhakika mkubwa. Alikuwa mchoma mkaa.

Bi Zaina alipita katikati ya watu, akaokota shati, akamvisha mumewe na kufunga vifungo kimoja kimoja. Wimbo wa kupe haukuimbwa jioni ile.

Walimnyang'anya funguo, wakampa adhabu ya kulima shamba la pamoja mpaka apungue. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao: mpaka apungue. Alilima, au tuseme alisimama na jembe. Wakamwona anajivuta, wakasema ndiyo uvivu wa mabepari. Siku chache baadaye aliinua jembe, akasikia kitu kimekatika mgongoni, akaanguka. Wakambeba kwa machela ya kamba za mkonge mpaka hospitali yetu. Huyo ndiye mgonjwa tuliyempokea: mtu aliyevunjika mfupa wa mgongo kwa kuinua jembe tu.

Hapo ndipo anapoingia Dakta Kisanga. Alikuwa mama wa Kipare, mdogo wa umbo, aliyekuwa ametoka masomoni na kutupwa kwetu, kama wasemavyo ofisini, kwa manufaa ya umma. Alimwangalia Rashidi kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona daktari akimwangalia mtu. Alimminya mapaja, akapima presha, akapima tena kwa kuwa hakuamini namba, akamtazama fizi na viganja vilivyokuwa vimeingia weusi. Akamwinamisha, akaona mishipa ya shingo inavyotuna kama kuna kitu kifuani kinaziba njia. Kisha akatuambia kwamba huyu mtu hajala cha mtu. Mwili wake mwenyewe ndio unaotengeneza kitu kinachomnenepesha na kumbomoa kwa wakati mmoja, na anataka kujua amri inatoka wapi.

Rashidi alipigwa picha ya kifua mjini. Iliporudi ilionyesha kivuli, na maelezo yake yalisema kifua kikuu. Miaka ile kivuli chochote kifuani kilikuwa kifua kikuu, hata mgonjwa angekuwa amemeza sahani. Dakta Kisanga aliirudisha akaomba ipigwe picha ya ubavuni. Hiyo ilionyesha kivuli kimekaa mbele, nyuma ya mfupa wa kidari, mahali ambapo kifua kikuu hakina desturi ya kujenga nyumba.

Pale ndipo inapokaa thaimasi. Vijana mnaijua, lakini sisi wakati ule tulifunguliwa vitabu. Ni tezi inayofanya kazi kubwa mtoto akiwa mdogo, ikiwafundisha askari wa damu kumtambua adui, halafu mtu akikua inasinyaa. Inastaafu mapema, tena bila kupewa saa ya ukutani. Mara chache sana, katika mabaki yake, huota uvimbe wa seli za ajabu, zenye asili ya neva na asili ya tezi, zinazoweza kutoa homoni. Uvimbe wa Rashidi, alivyohisi daktari, ulikuwa unatuma amri kwa tezi zilizo juu ya figo. Na tezi hizo, kama watumishi wengi wa wakati ule, zilitii bila kuuliza amri imetoka wapi. Zikafurika. Sukari ikapanda, presha ikapanda, misuli ikaliwa, mifupa ikawa chaki, ngozi ikachanika.

Dawa yake ilikuwa kisu, na kisu kilikuwa Dar es Salaam. Tatizo ni kwamba Mwenyekiti hakutaka mtuhumiwa atoke kijijini kabla shauri halijafungwa. Dakta Kisanga alimfuata ofisini kwake. Nilikwenda naye kubeba ile picha. Ndugu Ngwila alimkaribisha kwa neno "binti," akamweleza juu ya nidhamu ya kijiji, akasema wataalamu nao wanapaswa kuelewa siasa. Daktari alisubiri mpaka akamaliza. Aliiweka picha dirishani, akamwonyesha kivuli kwa kidole.

"Ndugu Mwenyekiti, huyu akifa wiki hii, shauri lako utalifungaje?"

Mwenyekiti aliitazama picha, nadhani kwa mara ya kwanza akiona kwamba ndani ya kupe kuna mbavu. Akasema kamati haina kipingamizi, mradi ieleweke kwamba ruhusa imetolewa na kamati.

Ilitokea kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda Dar kusomea ukataji na utiaji rangi wa nyama za wagonjwa, kwa hiyo nikamsindikiza. Tulipanda treni Kilosa, Rashidi amelazwa kwenye benchi, Bi Zaina amemwekea kanga mgongoni. Njia nzima Rashidi hakulalamika. Aliniuliza tu kama wakimpasua kifua wanaweza kuona mtu ameiba au hajaiba. Nikamwambia hilo halionekani. Akasema inasikitisha, maana angewaomba waandike.

Walimpasua kidari, wakatoa uvimbe kama chungwa lenye mabonde, wa rangi ya kijivu iliyochanganyika na damu. Nilipewa kazi pamoja na wanafunzi wengine: kuloweka nyama katika formalini, kuikausha, kuitia nta, kuikata kwa mashine vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, kuviweka vielee kwenye maji ya uvuguvugu na kuvidaka kwa kioo. Mtu aliyepiga chafya chumbani mle alichukiwa mpaka Ijumaa. Mwalimu wetu alikuwa Dakta Shemdoe, mtaalamu wa patholojia, mrefu, mwenye tabia ya kuusifu uvimbe kuliko alivyowasifu wanafunzi.

Mwenzake mmoja alisema huu ni uvimbe wa kawaida wa thaimasi, aandike watu wakanywe chai. Dakta Shemdoe alikataa. Aliniita kwenye darubini akanionyesha seli ndogo, zenye sura moja, zimejipanga vikundi vikundi na utepe utepe, mahali pengine zimezunguka duara kama wacheza ngoma. Akasema wakubwa wa nje nao ndio kwanza walikuwa wanajifunza kuutenga huu na mwingine. Akataka slaidi zitiwe rangi ya madini ya fedha, rangi yenye maringo, ambayo kioo kikiwa na uchafu kidogo tu inasusa. Ilipokubali, ndani ya seli zikatokea chembe nyeusi tititi, ghala za homoni. Mwenzake alitazama, akasema ndivyo alivyokuwa anadhani tangu mwanzo. Vijana, mtakutana naye. Hastaafu.

Nilimuuliza Dakta Shemdoe swali ambalo Bi Zaina alikuwa amenituma niulize: atapona?

Alisogeza slaidi polepole. Alinionyesha mahali uvimbe ulipotoboa ganda lake na kuingia kwenye mafuta ya jirani. Akanionyesha seli zilizokuwa zinagawanyika, na kipande cha tezi ya limfu ambamo walikuwa wameshahamia wachache.

"Ndugu za uvimbe huu wanaoota utumboni ni wapole, mtu anaweza kuzeeka nao," alisema. "Huyu wa kifuani ana sura ya upole na tabia mbaya. Tena huyu anayetoa homoni ndiye mbaya zaidi. Atapata nafuu kubwa, atasahau alikuwa mgonjwa. Kisha uvimbe utarudi. Sijui lini, na atakayekuambia anajua, mwogope."

Nilimpelekea Bi Zaina maneno hayo bila kupunguza. Alinisikiliza, akaniuliza tena lile neno "utarudi," kisha akasema nafuu inatosha kuanzia.

Nafuu ilikuja kweli. Mashavu yalishuka, nundu ikayeyuka, sukari ikatoka kwenye mkojo, presha ikatulia. Alipewa vidonge vya kuzisaidia zile tezi za figo zilizokuwa zimezoea kupigiwa kelele. Miezi michache baadaye akateremka Kilosa akiwa Rashidi yule wa zamani, mwembamba, mgongo umepinda kidogo.

Na hapa ndipo nilipojifunza kwamba ukweli wa maabara ukifika kijijini huhitaji mkalimani. Ndugu Ngwila alimwona, akaitisha mkutano, akatangaza ushindi. Mtuhumiwa alinyang'anywa duka, akapungua. Je, wananchi wanahitaji ushahidi gani mwingine kwamba alikuwa anakula? Watu walipiga makofi. Walikuwa na hamu ya kwenda nyumbani. Tangu Rashidi atolewe dukani, sukari ilikuwa imeendelea kuisha vilevile, lakini hakuna mtu mwingine aliyeombwa mkojo.

Rashidi hakugomba. Alisubiri mkutano uliofuata, akasikiliza ajenda zote, na walipofika kwenye mengineyo akanyoosha mkono. Aliomba kamati nzima ije maabara kukitazama kilichotolewa kifuani mwake. Kukataa kungeonekana ni kuiogopa sayansi, na Mwenyekiti alikuwa amekwisha kusema ujamaa ni sayansi. Wakaja.

Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni na slaidi moja ya Rashidi, niliyopewa na Dakta Shemdoe kwa kufundishia. Dakta Kisanga alisimama mlangoni. Mzee Lugome, aliyekuwa anakaribia kustaafu, alielekeza kioo cha darubini juani. Wajumbe walipanga foleni. Mchoma mkaa alitazama kwa kufumba jicho lililokuwa kwenye darubini, akasema ni maajabu. Ndugu Ngwila alipofika alivua kofia, akainama, akakaa muda.

"Naona vidoa vidoa," alisema.

Rashidi alikuwa amekaa kwenye kiti kwa ajili ya mgongo wake.

"Ndiyo vyenyewe, Ndugu Mwenyekiti. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vinanila, wakati ninyi mnasema mimi ndiye ninayekula."

Nje matrekta ya mkonge yalikuwa yanapita. Mwenyekiti alivaa kofia yake polepole. Nilidhani ataomba radhi. Uso wake ulikuwa umekaribia kuomba. Kisha akasema kamati ilipotoshwa na vipimo vya awali. Mzee Lugome, ambaye vipimo vya awali vilikuwa vyake, alicheka kwa sauti, kitu ambacho sikuwahi kumsikia akifanya ndani ya maabara, na akaendelea kucheka wakati wanatoka.

Kikao kilichofuata kilimsafisha Rashidi jina. Kilimrudishia na duka, kwa maneno kwamba kamati imeridhika amejirekebisha. Aliwashukuru, akakataa. Yeye na mkewe walihamia Mabwerebwere kwa ndugu za Bi Zaina, akaweka cherehani barazani. Alikuwa fundi mzuri. Hata watu wa Amkeni walimletea nguo. Mwaka mmoja Ndugu Ngwila alikuja na suti yake ya kikazi akaomba ipanuliwe kiunoni. Rashidi alichukua vipimo kwa adabu zote, akaipanua, na alipomrudishia akamwambia kitambaa kilichobaki ndani ni kidogo, safari ijayo hakitatosha.

Miaka ile ya nafuu ilikuwa mingi kuliko nilivyotegemea. Alimwozesha binti yake mkubwa, akawafundisha wengine wawili ushonaji. Tuliacha kuzungumza juu ya uvimbe. Kisha asubuhi moja nilimkuta amekaa kwenye benchi la nje ya maabara, amevaa kanzu safi. Nilimwangalia, sikuona kitu. Akaniambia nimtazame vizuri mashavuni. Alikuwa amejiona kwenye kioo cha duka la vitambaa, akaja hivyohivyo.

"Safari hii nimekuja kabla ya kikao," alisema.

Dakta Kisanga alimpima akakuta sukari imerudi. Picha zilionyesha vivuli kwenye mifupa ya mgongo na mbavu, na tezi zimevimba juu ya mtulinga. Huko Dar walimpa mionzi iliyopunguza maumivu, lakini kisu hakikuwa na pa kuanzia. Daktari alimweleza yote mbele ya mkewe. Rashidi aliuliza kama mikono yake itamwacha mapema. Akaambiwa mikono itakuwa ya mwisho. Akarudi kwenye cherehani, na kwa kweli alishona mpaka karibu na mwisho, Bi Zaina akimzungushia gurudumu mguu uliposhindwa kukanyaga.

Alifia nyumbani kwake, mchana, watu wake wakiwepo. Dakta Kisanga hakuomba kumpasua, wala mimi sikuwaza. Tulichohitaji kukijua kutoka kwenye mwili ule tulikuwa tumekwisha kupewa.

Maziko yalikuwa siku ileile. Watu walikuwa wengi, wa Mabwerebwere, wa shambani, na lori zima kutoka Amkeni. Ndugu Ngwila alikuja na kamati yake. Alikuwa amezeeka, na nadhani machozi yake yalikuwa ya kweli. Mwili ulipokwisha kuteremshwa na dua kusomwa, alisogea mbele na kutoa karatasi mfukoni. Alianza kusema kwamba marehemu alikuwa mfano wa mwananchi mwadilifu, aliyepita katika majaribu.

Shemeji yake Rashidi, kaka wa Bi Zaina, alimsogelea akamgusa bega. Alisema kwa utaratibu, lakini sote tulisikia.

"Mwenyekiti, dada yangu amenituma. Anaomba kusiwe na hotuba. Anasema mumewe alishasemwa vya kutosha."

Ndugu Ngwila aliikunja karatasi. Alitafuta mahali pa kusimama, na kila mtu alionekana amejaza nafasi yake. Mwishowe akapokea jembe kutoka kwa mtu wa jirani, akajiunga na waliokuwa wanafukia udongo.